Viazi Juu ya Viazi: Hebu Tupige Hesabu

(Mazungumzo na vikundi vya wakulima wa viazi, Nyandarua)

Leo sikuja kuwafundisha kupanda waru. Hiyo mnaijua tangu utotoni. Nimekuja tupige hesabu.

Mkulima akiambiwa abadilishe mimea husema, "Minji haitanilipia karo." Ni kweli, viazi huleta pesa haraka, miezi mitatu au minne tu. Lakini tusihesabu msimu mmoja. Tuhesabu minne.

Chukua ekari moja. Haya si mavuno ya shamba la mtu fulani, ni mfano wa kutusaidia kufikiri. Mbegu, mbolea, dawa na vibarua, tuseme vinakula thamani ya magunia 40 ya kilo 50 kila msimu. Mwenye kurudia viazi anavuna 80, halafu mnyauko unaingia: 60, kisha 40, kisha 25. Jumla 205. Toa gharama 160, amebaki na 45. Na ule msimu wa mwisho amepata hasara ya magunia 15, tena shamba limeshaharibika.

Jirani yake ameigawa ekari mara nne. Viazi viko robo moja tu, na kila msimu vinahama. Robo hiyo inampa magunia 20, gharama 10. Kwa misimu minne, faida ni 40. Si mnaona? Wamepishana magunia matano tu! Na zile robo tatu hazikulala: kuna minji, kabeji, mahindi, vitunguu, hata majani ya ng'ombe.

Akina mama, hapa nisikilizeni vizuri. Nyanya, pilipili, biringanya na hata managu ni jamii moja na kiazi. Ukitoa waru ukapanda managu, mnyauko umeuandalia chakula. Vile viazi vinavyojiotea katikati ya minji navyo ving'olewe, la sivyo ni kama hamkubadilisha kitu. Mbegu iwe safi pia. Ukiona mmea umenyauka na udongo bado una unyevu, kata shina ulitie kwa gilasi ya maji safi. Likitoa nyuzi nyeupe kama maziwa, ndio huo mnyauko wa bakteria, na hakuna dawa ya kuunyunyizia.

Kuna pia minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi ya viazi. Ilitangazwa mara ya kwanza Kenya mwaka 2015, na mayai yake hukaa udongoni miaka mingi.

Shida kubwa ni shamba la kukodi. Aliyekodi msimu mmoja atabadilisha mimea kwa nini? Atapanda waru, avune, aende zake. Hapa naona kikundi kina nguvu kuliko mtu mmoja. Kodini pamoja kwa misimu minne, muandikiane karatasi, mgawane robo. Na kabla ya kulipa, muulizeni mzee mwenye shamba hapo palipandwa nini misimu mitatu iliyopita. Akisema waru, waru, waru, basi ashushe kodi ama mtafute kwingine.