Uzia Alipokwisha Kupata Nguvu

Leo tumtazame Uzia, mfalme wa Yuda, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 26. Alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52 mjini Yerusalemu. Alijenga minara jangwani, akachimba visima vya kunyweshea mifugo, akaweka watunza mizabibu milimani, maana alipenda kilimo. Jeshi lake lilikuwa na watu 307,500. Mambo yalimnyookea, na Maandiko hayafichi kwamba Mungu ndiye aliyemfanikisha.

Hapo ndipo alipojisahau. Aliingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani peke yao. Kuhani Azaria akamfuata na wenzake 80, wakamzuia. Uzia angeweza kuweka chetezo chini na kuomba radhi. Badala yake alighadhibika, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso palepale kando ya madhabahu. Akaishi nyumba ya peke yake hadi kufa. Mwanawe Yothamu akashika uongozi.

Kwangu mimi, kilichommaliza ni ile hasira. Hakuzoea tena kukatazwa.

Basi wewe uliyepandishwa cheo, uliyefungua duka la pili, nawe mchungaji ambaye waumini wanajaa hadi nje: ni nani anayeweza kukukosoa na bado ukamkaribisha nyumbani? Kama hayupo, mtafute wiki hii. Mpe ruhusa akuulize waziwazi kuhusu fedha, ndoa na sala zako.