Jasho la Fundi na Nembo ya Mfadhili



Nimeombwa kuzungumzia haki ya mtu kutaja kazi aliyoifanya. Mfano wangu nautoa London, katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012.

Mwaka 2007 Michezo hiyo ilitengewa paundi bilioni 9.3 za fedha za umma. Dunia ikashangilia uwanja mkuu, bwawa la kuogelea lililosanifiwa na Zaha Hadid, na ukumbi wa mbio za baiskeli. Lakini waliovijenga walifungwa midomo kwa mikataba. Makampuni yaliyotoa vifaa na huduma yalikatazwa kutangaza kwamba yalishiriki. Tena sheria ya mwaka 2006 iliwazuia wasio wafadhili kujihusisha na Michezo hiyo katika biashara zao.

Sababu ilikuwa moja. Wafadhili walilipa fedha nyingi ili majina yao peke yao yaambatane na Olimpiki. Kama muuza viti naye angejitangaza bure, mfadhili angeuliza alinunua nini. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kupuuzwa.

Hata hivyo, ndugu zangu, mfadhili alinunua nembo, hakununua ukweli. Anayesema, "Paa hili nililiezeka mimi," hadai ufadhili. Anatoa ushahidi wa kazi yake. Kampuni ndogo haina fedha za matangazo. Kazi yake ndiyo barua yake ya sifa, na ikikatazwa kuitaja inapoomba zabuni nyingine, imenyimwa riziki ya kesho. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Hawa walichuma juani, kivuli wakapewa wengine.

Mwaka 2012 John Armitt, mwenyekiti wa mamlaka iliyosimamia ujenzi huo, aliishauri Serikali ya Uingereza ilegeze vizuizi. Januari 2013 ukaanzishwa mpango wa leseni kwa makampuni yaliyotaka kutaja kazi zao. Ilikuwa nafuu, lakini mwenge ulikwisha kuzimwa na macho ya dunia yalikwisha kugeukia kwingine.

Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Basi kila mtumishi anayeandika mkataba wa shughuli kama hiyo na aulize kabla ya wino kukauka: je, fundi aliyelipwa kwa fedha za wananchi ataruhusiwa kuwaambia wananchi alichowajengea? Nembo na ilindwe, lakini jasho nalo litajwe.