Anayetuuguza Naye Ana Moyo

(Mazungumzo ya muuguzi mstaafu na wanakisomo wa Munanila)



Leo sikuja kuwafundisha kunawa mikono. Hilo mmelisoma, mnalijua. Nimekuja tuzungumze juu ya wauguzi na waganga wetu. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia, sisi tunaukimbia. Wao wanaufuata. Je, mioyo yao inakuwaje?

Nianze na habari yangu. Mwaka 2020, Uviko-19 ulipoingia nchini, nilikuwa bado kazini. Mchana nilihudumia wagonjwa, usiku sikulala. Nikikohoa tu, najiuliza: je, nimewaletea wanangu ugonjwa? Nikawa nakula peke yangu. Nikawa mkali kwa wagonjwa, kisha nalia nyuma ya nyumba. Tena kuna jirani aliyezoea kuazima kinu changu. Siku hizo hakuja. Aliona heri kwenda mbali kuliko kushika kinu cha muuguzi. Jamani, hilo liliniuma kuliko uchovu. Nilitaka kuacha kazi.

Je, nilikuwa na wazimu? Hapana. Nilirogwa? Hapana. Nilikuwa mvivu? Hapana. Hofu isiyosemwa huchosha moyo, kama mzigo wa kuni unavyochosha shingo. Mtu hukosa usingizi, husahau, hukasirika upesi, hukata tamaa.

Na hofu hiyo ina sababu. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia Mkoa wa Kagera. Watu 6 walikufa, na mmoja wao alikuwa mhudumu wa afya. Mwaka 2000, Ebola iliingia Gulu, nchini Uganda. Katika hospitali ya Lacor wauguzi walikufa mmoja baada ya mwingine. Waliobaki wakaogopa kuendelea. Mganga mkuu wao, Dakta Matthew Lukwiya, aliwakusanya, wakazungumza. Yeye akasema atabaki. Wakarudi kazini. Tarehe 5 Desemba 2000 alikufa kwa ugonjwa huohuo.

Basi, sisi tufanye nini?

Kwanza, tuseme kweli. Hapa tuko karibu na mpaka wa Burundi, watu wanakwenda na kurudi. Ukiumwa, mwambie muuguzi ulikotoka na uliyemgusa. Akijua, atajikinga.

Pili, halmashauri ya kijiji iulize mapema: zahanati ina maji, sabuni, glavu na barakoa? Maneno matamu bila glavu hayaondoi hofu.

Tatu, tusimtenge muuguzi wala watoto wake. Kama kuna amri ya kutokaribiana, msalimie kwa mbali. Mchotee maji, umwachie mlangoni.

Nne, nawe muuguzi, usifiche. Mweleze mwenzako au mkubwa wako wa kazi. Ukishindwa kulala siku nyingi, nenda ukatibiwe kama mgonjwa mwingine. Si aibu.

Mnauliza, yule jirani je? Miezi ilipita. Jioni moja alisimama mlangoni kwangu, akasema, "Mama, naomba kinu." Hakuongeza neno. Nikampa.

Usiku ule nililala mpaka jogoo akawika.