Kwanza Miti, Pesa Mwisho
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Msambweni)

Najua wengine mmeacha jembe shambani.

Vikundi kadhaa vimeniuliza: "Mwalimu, sisi tuko kando ya mto. Pana miti, ndege na kima. Tujenge mabanda, wageni waje kutembea watulipe?" Leo nawajibu kwa mfano wa jirani zetu wa Gazi.

Mito ya Mkurumudzi na Kidogoweni humwaga maji yake katika ghuba ya Gazi, penye mikoko. Miaka ya 1970 mikoko hiyo ilikatwa sana iwe kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Miaka ya 1990 watafiti wa bahari na wanakijiji wakaanza kupanda upya. Baadaye akina mama wa Gazi wakajenga njia ya mbao juu ya matope, katikati ya miti. Mgeni hulipa kiingilio, hutembea kivulini, akaona kaa na ndege.

Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Unalinda hekta 117, nao hulipwa kwa sababu miti hiyo hufyonza hewa ya ukaa. Pesa zake zimesaidia maji na shule.

Mmeona mpango wake? Kwanza miti, halafu viumbe, halafu mgeni, pesa mwisho. Mtu hatoki Diani kuja kutazama visiki. Na hata mgeni asipokuja, samaki wadogo na kamba hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Mvuvi anafaidika.

Sasa niseme ukweli unaouma. Kikundi kimoja nilichokisaidia mimi mwenyewe kilivunjika. Tulianza na mabanda, tukakata miti ya pale pale iwe nguzo. Kiingilio kilipokelewa na mtu mmoja, bila risiti. Wazee waliozoea kuvua pale wakaambiwa wasisumbue wageni. Mwaka haukuisha, hapakuwa na kivuli, wageni wala kusalimiana. Kosa lilikuwa langu pia: niliwafundisha kujenga, sikuwafundisha kuandika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga msumari wa kwanza, fanyeni mkutano mkubaliane haya:

1. Mahali hapo ni pa nani? Mikoko ni msitu wa serikali. Waoneni kwanza watu wa misitu, mpate ruhusa kwa maandishi.

2. Wenyeji watavua wapi, na watoto wetu watacheza wapi, bila kulipa? Kupumzika si haki ya mgeni peke yake.

3. Nani anashika pesa, nani anaandika, na hesabu itasomwa lini mbele ya wote? Wasiwe mtu na mumewe.

4. Nani atawakataza wageni kuwapa kima na nyani chakula? Wakizoea mkate, kesho wataingia jikoni kwako. Na mbega wetu wa Diani chakula chake ni majani, si biskuti.

Mkirudi nyumbani, msianze kununua mbao. Nendeni mtoni pamoja, mhesabu miti iliyosimama. Hiyo ndiyo akiba yenu ya kwanza.

Haya, nani ana swali?