Mume na Mke Katika Mbio Ndefu: Somo la Kushika Mwendo

Nawasalimu nyote mliokaa darasani jioni hii huko Mbwera na katika vijiji vingine vya delta ya Rufiji. Kitabu cha kusoma kiwekeni kando kidogo. Leo tutatumia daftari la hesabu na penseli. Mwenye saa ya mkono aivue, aiweke mezani karibu na taa, wenzake nao waione.

Tutazungumza juu ya mbio ndefu ziitwazo marathoni, na hasa juu ya kazi moja ndani ya mbio hizo ambayo watu wengi hawaijui. Kazi hiyo ni kushika mwendo. Mshika mwendo ni mkimbiaji asiyekimbia ili ashinde. Yeye hukimbia kwa kasi iliyopangwa, haipandi wala haishuki, ili wenzake wamfuate na wafike kwa muda waliokusudia. Katika mbio nyingi kubwa mtu huyo hubeba kibendera kilichoandikwa muda, kwa mfano 4:30 au 5:00. Atakaye kumaliza kwa muda wa saa 5 humfuata mwenye bendera ya 5:00. Hebu fikirini jambo hilo. Nyuma yake wako watu hata mia, hawamjui jina wala kwao, nao wamemkabidhi nguvu zao zote kwa kuamini kwamba anajua kusoma saa.

Natuseme sasa kwamba wewe na mwenzako wa nyumbani, mume na mke, mmeamua kwenda kukimbia Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Huko hufanywa mbio ziitwazo Rock City Marathon. Mbio za namna hiyo huwa na mafungu ya umbali mbalimbali, kwa hiyo ulizeni mapema mwaka huo kuna mafungu gani, na kila mmoja achague kwa kadiri ya mwili wake. Kwa hesabu zetu za leo tutachukua umbali kamili wa marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195. Msiniulize kwa nini ni 195 wala si 200! Ndio umbali uliokimbiwa katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 ukawekwa kuwa kanuni ya dunia nzima.

Safari yenyewe ni ndefu. Mtaondoka Mbwera kwa chombo, maji yakiwa yanaruhusu, mpaka Nyamisati. Kutoka hapo mtapanda gari mpaka Bungu, mshike barabara kuu ya Dar es Salaam. Kisha Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, na mwisho Mwanza: zaidi ya kilomita 1,100 tangu Dar es Salaam. Fikeni siku mbili tatu kabla ya mbio, maana miguu iliyokunjwa ndani ya basi usiku kucha haitaki kukimbizwa asubuhi yake. Tena kumbukeni kwamba ninyi ni watu wa pwani. Uso wa ziwa lile uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kidogo kuliko hii mliyoizoea. Mtu wa Mbwera akihema huko mapema kuliko alivyozoea, asidhani ameugua.

Haya, penseli mkononi. Mmekubaliana kukimbia kila kilomita kwa dakika 7. Huo ni mwendo wa mtu mzima aliyejizoeza miezi kadhaa, si wa bingwa. Mwalimu na aandike ubaoni, nanyi mfuate:

Kilomita 10: dakika 70, yaani saa 1 na dakika 10.
Kilomita 20: dakika 140, yaani saa 2 na dakika 20.
Kilomita 30: dakika 210, yaani saa 3 na dakika 30.
Kilomita 40: dakika 280, yaani saa 4 na dakika 40.

Zimebaki kilomita 2 na mita 195. Hizo zitawachukua dakika 15 na sekunde 22. Jumla ni saa 4, dakika 55 na sekunde 22. Mmefika ndani ya saa 5, na akiba ya dakika 4 na nusu mmebaki nayo kwa kunywa maji njiani.

Sasa tazameni saa iliyo mezani. Tuseme mbio zinaanza saa 12 kamili asubuhi. Saa ya tarakimu itaonyesha 6:00. Mkimaliza kilomita 10 itaonyesha 7:10. Sisi tukiona 7:10 asubuhi twasema saa 1 na dakika 10. Na mmekimbia kwa muda gani? Saa 1 na dakika 10! Kwenye kilomita 20 itaonyesha 8:20, nasi twasema saa 2 na dakika 20, na muda wa mbio ni huo huo. Hesabu yetu ya saa huanza pale mchana unapoanza, basi mbio zikianza saa 12 kamili, saa ya Kiswahili huwahesabia muda wenyewe bila kutoa wala kujumlisha. Mgeni itambidi atoe 6 kila mara huku jasho likimwingia machoni. Ila mbio zikianza saa 12 na nusu, msisahau kutoa zile dakika 30.

Mtu atasema, "Mimi kilomita 10 za kwanza nina nguvu, kwa nini nisikimbie kwa dakika 6 nipate akiba?" Andikeni hesabu yake. Kilomita 10 kwa dakika 6 ni dakika 60. Amepata akiba ya dakika 10. Kilomita 22 zinazofuata akaenda kwa dakika 7, ni dakika 154. Hapo ndipo miguu inapokataa. Kilomita 10 zilizobaki akazitembea, kila moja kwa dakika 12: dakika 120. Ile mita 195 ya mwisho nayo yapata dakika 2. Jumla ni dakika 336, yaani saa 5 na dakika 36. Aliokota dakika 10 asubuhi na mapema, akaja kudondosha 50 jua likiwa kali. Nawaomba wanafunzi wa darasa la pili mwirudie hesabu hii wenyewe, msichukue jibu langu.

Nanyi watu wa delta jambo hili mnalijua kwa njia nyingine. Mpiga kafi mzuri hamalizi nguvu zake kwenye mlango wa mto, akajikuta maji yanapwa naye yuko katikati ya mikoko. Hupiga kafi lile lile tangu anapoondoka mpaka anapofunga mtumbwi.

Hata mabingwa mambo haya huwafika. Mwaka 1982, katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Brisbane, Australia, Watanzania wawili, Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga, walitoka mbele kwa kasi wakawaacha wote. Robert de Castella, mwenyeji, hakuwafukuza mara moja. Alishika mwendo wake, akapunguza nafasi kidogo kidogo, na karibu na mwisho akampita Ikangaa. De Castella alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 18. Ikangaa alifika nyuma yake kwa sekunde 12 tu. Sikusema hayo kumpunguzia Ikangaa heshima. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyependa kuongoza, na mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Ila sekunde 12 katika kilomita 42 ni hesabu ndogo sana kupotea.

Wako pia wakimbiaji waliopata sifa kwa sababu ya wenzao waliowashikia mwendo. Mwaka 1954 huko Oxford, Roger Bannister alikuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Mbele yake walikimbia kwa zamu Chris Brasher na Chris Chataway. Brasher huyo baadaye alikuwa mmoja wa wawili walioanzisha marathoni ya London, mwaka 1981. Na Eliud Kipchoge wa Kenya, alipokimbia kilomita 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka 2019, washika mwendo walikuwa 41, wakipokezana. Mwendo ule haukuandikwa katika rekodi za dunia, kwa kuwa haukufuata kanuni zote za mashindano.

Sasa nirudi kwa mume na mke, maana hapa ndipo penye ugomvi. Nani amfuate nani? Wanaume wengi watajibu haraka kwamba mume atangulie, mke afuate. Mimi sikubali. Mkitaka kufika pamoja, mwendo ni wa yule aliye mpole zaidi wa miguu, awe mume au mke. Na mwenye kushika saa ni yule aisomaye vizuri. Katika madarasa yetu mara nyingi huyo ni mama, kwa sababu hakukosa vipindi. Basi mama akisema, "Baba watoto, taratibu, hii ni dakika 6 na nusu," baba apunguze. Wala asijibu kwamba yeye hasikii kuchoka. Kwenye kilomita ya 8 nani asikiaye kuchoka?

Edna Kiplagat wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mara mbili, mwaka 2011 huko Daegu, Korea ya Kusini, na mwaka 2013 huko Moscow. Mumewe, Gilbert Koech, naye ni mkimbiaji, na amekuwa mwalimu wake wa mbio. Katika mashindano yale ya ubingwa mume hakuweza kukimbia mbele yake, kwani wanawake walikimbia peke yao. Kazi ya mume ilifanyika nyumbani, siku baada ya siku, kabla ya mbio. Kwingine wanaume huruhusiwa kuwashikia wanawake mwendo: Paula Radcliffe wa Uingereza alifanya hivyo London mwaka 2003, akamaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25. Tangu mwaka 2011 rekodi za wanawake huandikwa kwa mafungu mawili, za waliokimbia pamoja na wanaume na za waliokimbia wanawake watupu.

Neno moja la afya. Mwenye maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au ugonjwa wa moyo au sukari, aende kwanza zahanati aulize. Njiani kunyweni maji kila mnaposikia kiu, lakini msijaze tumbo kupita kiasi. Maji mengi mno nayo hudhuru. Na mwenzako akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka, mbio zimekwisha kwenu wote wawili. Kaeni kivulini, muite msaada.

Kazi ya juma hili ni hii. Chukueni kamba, ipimeni kwa futi ya fundi seremala mpaka iwe mita 50. Itandazeni mara 20 kwenye njia kavu ya kijiji, mkichomeka kijiti kila mara: hiyo ni kilomita 1. Mtembee wawili wawili, mmoja akishika saa, kwenda na kurudi mara 3. Andikeni dakika za kila kilomita, kisha mtazame kama tarakimu zinafanana au zinapanda. Halafu mpige hesabu hii: mume na mke wanakimbia kilomita 21 kwa dakika 8 kila kilomita, wameanza saa 12 na dakika 15 asubuhi. Watafika saa ngapi, na saa ya tarakimu itaonyesha nini? Majibu mpeni mwalimu wenu kabla ya kipindi kijacho. Kwaherini.