Kiti na Ushuru: Chama Tawala Kinapogombana, Sisi wa Tana Tuulize Nini?

(Matini ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati na waumini wa makanisa, Garsen, Kaunti ya Tana River)



Nimeombwa nizungumze juu ya misukosuko ya uongozi katika chama kinachotawala nchi, na juu ya mjadala wa ushuru. Wengi huyatazama mambo haya mawili kana kwamba ni kesi mbili zilizo katika mahakama mbili. Mimi nitadai kwamba ni kesi moja. Chama kinachogombania viti pasipo kujadili ushuru huuacha mzigo ule ule juu ya mgongo ule ule, hata kama anayeushika mjeledi amebadilishwa.

Waumini mnakijua kisa cha Rehoboamu mwana wa Sulemani. Watu walimwendea Shekemu wakamwomba awapunguzie nira waliyotwikwa na baba yake. Aliomba siku tatu za kufikiri. Wazee walimshauri asikie kilio chao. Vijana waliolelewa naye jumba moja wakamshauri aongeze uzito. Akawafuata wa jumba lake, na ufalme ukagawanyika. Aliyekuwa msimamizi wa kazi za shokoa alipotumwa kwa watu, alipigwa mawe. Tazameni vema: ufalme ule haukuvunjwa na adui wa nje. Ulivunjwa na mzigo, na baraza lililokataa kuujadili mzigo huo kwa haki.

Sasa tuje Kenya. Mwaka 2018, chini ya serikali ya Jubilee, ushuru wa VAT kwa mafuta ulianza kutozwa asilimia 16 mwezi Septemba, na baada ya kelele nyingi Bunge likaushusha hadi asilimia 8. Mwaka 2022 chama cha UDA, ndani ya muungano wa Kenya Kwanza, kiliingia madarakani kwa ahadi ya kumwinua mtu wa chini. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikairudisha VAT ya mafuta kwenye asilimia 16, na ikaleta tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri naye akilipa kiasi kicho hicho.

Nifafanue kwa hesabu ya hapa kwetu. Mwalimu au muuguzi anayelipwa shilingi 30,000 hukatwa shilingi 450 kila mwezi kwa ajili ya tozo hiyo. Mkulima wa Wema au Hewani anayevuta maji ya Mto Tana kwa pampu hana hati ya mshahara, lakini hulipa kila anapojaza tangi. Mwenye maembe hulipa kupitia nauli ya lori. Mama wa duka hulipa kupitia bei ya unga uliosafirishwa kutoka Malindi. Asiambiwe mtu kwamba yeye halipi ushuru kwa kuwa hana kazi ya ofisi. Anayenunua, analipa.

Kortini mambo yalipanda na kushuka. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema tozo ya nyumba ilikiuka Katiba. Machi 2024 Bunge lilikuwa limekwisha kuitungia sheria mpya. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria yote ya Fedha ya 2023, na Oktoba 29 mwaka huo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Nayasema haya kama wakili: korti ni ngao, lakini haiwezi kuwa shamba letu. Anayetegemea korti peke yake hufika wakati mzigo umekwisha kutwikwa.

Ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudiwa kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Ulitaka VAT ya asilimia 16 kwa mkate, na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Juni 18, 2024 wabunge wa muungano unaotawala waliitwa Ikulu, na baada ya mkutano huo mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, Kuria Kimani, akatangaza kwamba baadhi ya mapendekezo hayo yameondolewa. Siku hiyo hiyo vijana walikuwa barabarani Nairobi. Juni 25 Mswada ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, na saa hizo hizo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge. Juni 26 Rais akakataa kuutia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliripoti vifo 39 kufikia Julai 1, na hesabu hiyo ikapanda baadaye.

Swali langu ni hili: mjadala ndani ya chama ulifanyika lini? Mbunge aliyepiga kura ya ndiyo siku ya Jumanne aliona Mswada wake ukikataliwa na kiongozi wake siku ya Jumatano. Ikiwa Mswada ulikuwa mwema, mbona uliachwa kwa siku moja? Na ikiwa ulikuwa mbaya, ni nani ndani ya chama aliyepewa nafasi ya kuyasema hayo kabla ya damu kumwagika? Chama kilicho hai kingekuwa na kikao ambamo wajumbe kutoka Garsen, Hola na Bura wangeinuka na kueleza bei ya dizeli inafanya nini kwa mkulima. Hapakuwa na kikao cha namna hiyo. Kulikuwa na mwito wa kwenda Ikulu.

Kisha ikaanza misukosuko ya viti. Julai 11, 2024 Baraza la Mawaziri lilivunjwa, isipokuwa Mkuu wa Mawaziri. Agosti, Katibu Mkuu wa UDA, Cleophas Malala, akaondolewa, na nafasi yake ikashikwa na Hassan Omar, mtu wa Pwani yetu. Mwezi huo huo Wizara ya Fedha ikakabidhiwa John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, chama kilichokuwa cha upinzani. Oktoba 8 Bunge la Kitaifa likapiga kura 281 dhidi ya 44 kumwondoa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua. Oktoba 17 Seneti ikathibitisha tuhuma 5 kati ya 11. Na Novemba 1 Kithure Kindiki akaapishwa.

Sikusudii kuwahukumu watu hao mbele yenu. Ila zisomeni zile tuhuma 11. Hakuna hata moja iliyouliza kama kiwango cha ushuru kilikuwa cha haki. Chama kilibadilisha Katibu, Waziri na Naibu wa Rais katika muda wa miezi minne, na sera ya ushuru ikapita katikati ya vumbi hilo bila kuguswa. Julai 2024, majuma machache tu baada ya Mswada kukataliwa, tozo ya ukarabati wa barabara iliongezwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Desemba 11, 2024 sheria nyingine za ushuru zikatiwa sahihi, zikiwa na baadhi ya mapendekezo ya ule Mswada uliozikwa Juni. Mlango wa mbele ulifungwa kwa kishindo, mzigo ukaingizwa kwa mlango wa uani.

Huko Uingereza nako kulitokea jambo la kulinganishwa na hili. Serikali ya Margaret Thatcher ilileta kodi ya kichwa, ambayo tajiri na maskini wa mtaa mmoja walitozwa sawasawa. Ilianza Uskoti mwaka 1989, na Uingereza na Wales mwaka 1990. Watu wakaandamana. Lakini na ndani ya chama chake mwenyewe, mshindani wake Michael Heseltine alisimama akaahidi kuitazama upya kodi hiyo. Thatcher akang'atuka Novemba 1990, na kufikia mwaka 1993 kodi hiyo ilikuwa imeondolewa ikaletwa nyingine. Sisemi kwamba chama kile ni cha malaika. Nasema kwamba ugomvi wao wa kiti ulikuwa pia ugomvi wa ushuru, na kwa hiyo kiti kilipobadilika, ushuru nao ulibadilika.

Sisi historia yetu ni nyingine. KANU ya chama kimoja ilimfukuza kila aliyehoji, mpaka kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991. Mwaka 2002 KANU iliungana na NDP mwezi Machi, na kufikia Oktoba vigogo wake walikuwa wametoka kwa sababu ya mrithi aliyeteuliwa. Ugomvi ulikuwa juu ya nani atakalia kiti. Tulipigania vyama vingi ili tuwe na mawazo mengi, si ili tuwe na milango mingi ya kuhamia.

Nimtendee haki na mpinzani wangu. Atasema kwamba deni la taifa lilikuwa zaidi ya shilingi trilioni 10 mwaka 2024, na kwamba walimu, wauguzi na barabara havilipwi kwa maombi. Ni kweli. Sisi si watu wa kukataa ushuru. Katiba yenyewe, ibara ya 201, inataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na matumizi yalenge maendeleo yenye usawa, yakiyajali maeneo yaliyoachwa nyuma. Tunachokataa ni kutozwa kama Wakenya wote na kuhudumiwa kama wageni. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipowahamisha watu wetu kandokando ya Tana, kila mmoja wao alikuwa tayari mlipa ushuru. Aliyelala katika hema alikuwa amelipia mafuta, sabuni na muda wa simu.

Hapa ndipo nataka msikilize kwa makini. Ibara ya 204 iliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato yote ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Orodha ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato ilikuwa na kaunti 14, na Tana River ilikuwamo. Hazina hiyo ilipewa umri wa miaka 20 tangu Agosti 2010. Maana yake itakoma Agosti 2030, isipokuwa Bunge liiongezee muda kwa kura ya zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa, na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Watakaopiga kura hiyo ni wale tutakaowachagua mwaka 2027. Je, mmemsikia mgombea yeyote, wa chama kinachotawala au cha upinzani, akilitaja jambo hili jukwaani? Wanatuambia nani kamsaliti nani Nairobi. Hawatuambii kisima kitachimbwa kwa fedha gani baada ya 2030.

Kwa hiyo naomba tuondoke hapa na kazi nne.

Ya kwanza: Mswada wa Fedha hupelekwa Bungeni kabla ya Mei, na sharti upitishwe kufikia mwisho wa Juni. Ibara ya 118 inalilazimu Bunge kutusikiza. Basi kila mwezi wa Mei, kila kanisa na kila msikiti uwe na jioni moja ya kuusoma Mswada huo kwa lugha inayoeleweka, iwe Kiswahili, Kipokomo au Kiorma, na maoni yaandikwe, yatiwe sahihi, yatumwe.

Ya pili: kura za wabunge huandikwa katika kumbukumbu za Bunge. Tuzitafute, tuzisome mbele ya watu, bila matusi na bila kuongeza chumvi.

Ya tatu: walio wanachama wa chama chochote wadai vikao halali. Ibara ya 91 inaviamuru vyama vyote viwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia. Tawi ambalo halijaketi kujadili ushuru ni ofisi ya kugawa fulana.

Ya nne: kila anayeomba kura yetu mwaka 2027 aahidi kwa maandishi jinsi atakavyopiga kura juu ya Hazina ya Usawazishaji. Asiyetaka kuandika, tumshukuru kwa kutujulisha mapema.

Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji, mwaka 2012 tulizikana hapa Delta kwa ajili ya ardhi na maji. Ushuru haumuulizi mtu kabila lake wala madhehebu yake. Hilo ni jambo moja ambalo tunaweza kulidai kwa sauti moja, na hakuna chama kinachoweza kutunyamazisha tukilidai pamoja.