Kamba ya Nguo, Jiko na Mtoto: Kukausha Nguo Wakati wa Mvua

Leo sitazungumzia chanjo wala uji wa mtoto. Nitazungumzia safari ya nguo tangu itoke kwenye karai mpaka iingie sandukuni. Huenda ukajiuliza, muuguzi na kamba ya nguo wapi na wapi? Ngoja kidogo, mama, utaona.

Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hatuna taabu. Unaanika leso asubuhi, ukimaliza kunywa chai imekwisha kukauka. Matatizo huanza kusi linaposhika na masika kumwagika, Aprili mpaka Juni, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi huku kwetu. Kumbuka kwamba nguo haikaushwi na joto peke yake. Hukauka pale hewa inayopita juu yake inapochukua maji na kwenda nayo. Hewa iliyokwisha kushiba unyevu haichukui zaidi. Ndiyo maana siku yenye joto lakini isiyo na upepo, nepi inaweza kukaa kambani tangu asubuhi hadi jioni na bado ukiigusa ni baridi.

Ukitaka kujua kama nguo imekauka, usiguse katikati. Gusa mshono, gusa kiunoni penye raba, gusa mfukoni. Maji hujificha hapo. Nepi mbichi ikivalishwa, ngozi ya mtoto hulainika, hupata upele, na mahali pale penye joto na unyevu fangasi hustawi. Mama hupaka poda, hubadilisha sabuni, kumbe chanzo ni nepi isiyokauka.

Sasa nizungumzie nzi mmoja ambaye wengi hawamjui, ingawa kazi yake wameiona. Wengine humwita nzi wa maembe. Nzi huyu hapendi jua kali. Hutafuta kivuli, na hutaga mayai yake kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi, na vilevile kwenye nguo yenye unyevunyevu iliyoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Baada ya siku moja hadi tatu mayai huanguliwa. Buu dogo sana, ambalo huwezi kuliona kwa urahisi, hungoja mpaka lihisi joto la mwili, na linaweza kungoja zaidi ya wiki moja. Ukimvalisha mtoto nguo ile, linaingia ngozini pasipo yeye kuhisi lolote.

Baada ya siku chache utaona uvimbe mwekundu kama jipu, mgongoni, matakoni au mapajani, yaani pale nguo inapogusa. Utazame vizuri. Jipu la kawaida halina kitundu katikati. Hili linacho, na hutoa majimaji, kwa sababu buu linavutia pumzi hapo. Mtoto hulia usiku, na mkubwa atakuambia kuna kitu kinamchomachoma na kutembea. Huyu si funza wa miguuni tunayemtoa kwa pini. Usichimbe kwa sindano wala wembe, na usiminye kwa nguvu likiwa bado ndani, maana likipasuka kidonda huvimba na kuoza. Ziba kitundu kwa mafuta mazito ya mgando kwa muda wa nusu saa au zaidi. Likikosa pumzi hujitokeza juu, nawe unaweza kulisukuma taratibu kwa vidole viwili pande zote mbili. Osha kwa maji safi na sabuni. Iwapo uvimbe ni mwingi, mtoto ana homa, au umetokea kichwani au karibu na jicho, usijaribu nyumbani, njoo kituo cha afya. Dawa za viuavijasumu unazouziwa dukani hazilitoi buu.

Kinga yake ni rahisi. Usitandaze nguo kwenye mchanga, nyasi wala juu ya ua. Usianike nguo za mtoto chini ya mwembe au mkorosho. Anika juani na penye upepo, anua kabla ya magharibi, kisha piga pasi ndani na nje, hasa kwenye mishono, kwani joto la pasi huua mayai. Pasi ya makaa inatosha kabisa. Asiye na pasi aazime, angalau kwa nguo za mtoto mchanga.

Kamba yenyewe pia inataka kutunzwa. Waya huliwa na kutu upesi kwa sababu ya hewa ya chumvi, na watu wa Gongoni na Ngomeni wanalijua hilo zaidi yangu. Kutu hutia doa lisilotoka. Kamba ya katani ni nzuri lakini ikinyeshewa huoza ndani, nje ukidhani ni nzima, kwa hivyo ivute kwa nguvu mara kwa mara kabla ya kuipa mzigo wa blanketi. Nailoni hudumu zaidi. Ifute kwa kitambaa kabla ya kuanika, na ikilegea ikaze au iwekee mti wa kuishikilia katikati. Iwe juu ya vichwa vya watoto wanaokimbia, na ukianua usiache kipande kikining'inia ambacho mtoto anaweza kujifunga shingoni. Tena, nakusihi, usifunge kamba kwenye nguzo ya stima, wala usipitishe waya karibu na nyaya za umeme au kuugusisha na bati la nyumba yenye nyaya zilizochubuka. Mikono ya kufua imelowa, miguu imelowa, na umeme hauna huruma.

Sasa lile lililonifanya nichague mada hii. Mvua imenyesha siku tatu, nepi zimekwisha, mtoto analia. Mama anaingiza jiko la makaa chumbani, anatundika nguo juu yake, anafunga mlango na dirisha kuzuia baridi, kisha wote wanalala. Mama mpendwa, usifanye hivyo. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Watu huogopa moshi, na makaa yakishakuwa mekundu bila moshi hudhani sasa ni salama. Sivyo. Hewa hii ikifika damuni hukalia mahali pa oksijeni, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana. Aliyelala hupitiliza usingizini. Mtoto mdogo huvuta pumzi haraka kuliko mtu mzima, basi sumu humfikia upesi, na kwa mwenye mimba humdhuru hata aliye tumboni.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kuishiwa nguvu. Wengi hudhani ni malaria. Ukiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikiria jiko kwanza. Fungua milango, watoe wote nje, na mpeleke hospitali aliyezidiwa, hata kama ameanza kuzinduka, kwa sababu anahitaji oksijeni. Ukifika, waambie wauguzi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Usimnyweshe maziwa. Hayatoi sumu hii, na mtu asiyejitambua yanaweza kumpalia.

Najua kuna atakayesema, mbona tunafukiza nguo kwa udi? Chetezo kina makaa machache, kwa dakika chache, na mwenyewe yuko macho. Hata hivyo fungua dirisha. Na usisahau moto: nguo ikiangukia jiko chini ya paa la makuti, hamtapata nafasi ya kuokoa hata sanduku.

Basi tufanyeje? Fua nguo chache kila siku badala ya rundo la Jumamosi, ukianza na za mtoto. Nguo nzito ikamueni watu wawili. Tundika barazani chini ya paa, ukiacha nafasi kati ya nguo na nguo ili upepo upite. Malizia unyevu wa mishono kwa pasi, na makaa ya pasi yawashwe nje.

Baadhi yenu mnafua katika nyumba za wageni na mahoteli ya Malindi na Watamu, ambako kuna mashine za kukaushia. Safisha chujio la nyuzi kila baada ya mzigo mmoja. Nguo zikianza kuchukua muda mrefu kukauka, usikimbilie kulaumu mashine. Tazama chujio na lile bomba la kutoa hewa nje, huenda limeziba. Nyuzi hizo hushika moto haraka. Taulo zilizolowa mafuta ya kukandia mwili ni hatari hata baada ya kufuliwa, kwa hiyo usizitoe zikiwa moto na kuzirundika. Ukisikia harufu ya kuungua, zima na uchomoe plagi.

Kwa wasichana wetu: vitambaa vya hedhi vianikwe juani kama nguo nyingine. Kuvificha chini ya godoro vikiwa vibichi huleta uvundo na mwasho. Kama ni haya, mama mpe leso nyepesi avifunike.

Kitu kimoja tu hakitaki jua, nacho ni chandarua chenye dawa. Jua hupunguza nguvu ya dawa. Kifue kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, usitumie jiki, kisha kianike kivulini. Kipya kitundike kivulini siku nzima kabla ya kulala ndani yake.